Modeli ya sinapsi ya Makoroboi: kalsiamu wameiweka sawa, mwanya wameukosea

Kwenye maduka ya vifaa vya shule ya Makoroboi, jijini Mwanza, modeli hii ya plastiki inauzwa shilingi 85,000. Inaonyesha sinapsi, yaani mahali seli moja ya neva inapopasha habari seli jirani. Ndani ya boksi mna vipande viwili vya neva, vifuko sita, shanga nyekundu za asetilikolini (kemikali inayobeba habari), nyeupe za kalsiamu, vipokezi vinne vya kuinasa kemikali hiyo kwenye seli ya pili na kimeng'enya cha bluu.

Uzuri wake uko kwenye milango ya kalsiamu. Michoro mingi ya ukutani huiruka: umeme umefika, kemikali imetoka, basi. Hapa kifuko hakifunguki mpaka usukume shanga nyeupe ziingie mlangoni. Ndipo kinapogusa utando na kumwaga shanga nyekundu. Mwilini hatua hizo zote huchukua takriban milisekunde 0.5. Mwanafunzi aone kwa macho yake kwamba kifuko hakivuki, kinachovuka ni kilichomo.

Vipimo ndivyo vinavyoudhi. Mwanya kati ya vipande viwili vya neva umeachwa sentimita 6 na kifuko kina upana wa sentimita 2, wakati mwilini ni kinyume: mwanya kama nanomita 20, kifuko kama 40. Anayejifunzia hapa ataamini kemikali inasafiri mbali. Dawa yake ni rahisi: fungua skrubu za chini, toboa matundu mapya kwenye kibao, usogeze vipande hadi ibaki sentimita 1.

Mwongozo unamtaja mwanasayansi Otto Loewi na mioyo ya vyura ya mwaka 1921 bila kueleza jaribio. Alichochea neva inayopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, akachukua majimaji yake, akayaweka kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo, dalili kwamba habari ilibebwa na kemikali.

Kimeng'enya cha bluu, kinachokata asetilikolini, hakijaelezwa kabisa, na hilo ni pengo kubwa. Shanga zikibaki kwenye vipokezi, seli ya pili huendelea kuchochewa. Kwa wanafunzi wa Magu na Kwimba, kwenye mashamba ya pamba, mfano uko karibu: viuatilifu vya jamii ya oganofosfati huzuia kimeng'enya hiki, ndiyo maana aliyedhurika hutokwa mate, mboni husinyaa na misuli hutetemeka.

Gundi ya vipokezi ni dhaifu, huachia boksi likikaa juani. Kabla ya kulipa, fungua uvihesabu, kisha ukivute kimoja kimoja.