Meguiar's M105 na M205 kwenye joto la Mombasa

M105 na M205 ni dawa za kung'arisha rangi ya gari za kampuni ya Meguiar's: M105 ni ya kukata, yaani kuchonga rangi kidogo ili mikwaruzo iondoke, M205 ni ya kumalizia. Zote mbili hazina nta wala silikoni ya kuficha mikwaruzo, na chembe zake hazisagiki kadiri unavyosugua, tofauti na za kompaundi za zamani. Kwa hiyo ukali wake unaamuliwa na pedi (sponji au sufu ya kusugulia) na uzito wa mkono. Mwenye pesa ya chupa moja tu achukue M205, na hela inayobaki anunue pedi.

M105 ndiyo inayosumbua hapa pwani. Kwa kawaida yake hukauka upesi. Kwenye boneti iliyopigwa na jua la saa saba haitandazwi hata kidogo: inageuka vumbi jeupe na kung'ang'ania kwenye mipira ya madirisha. Bandika tepu ya karatasi kwenye mipira na plastiki nyeusi, kisha anza asubuhi na mapema, bati likiwa baridi ukiligusa kwa kiganja. Banda la makuti lina kivuli kizuri lakini hudondosha uchafu, na chembe moja ya mchanga chini ya pedi inatosha kuharibu paneli nzima.

Gari linalolala karibu na bahari, Nyali au Likoni, lioshwe chumvi yote itoke, kisha lipitishwe klei (donge laini la kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi) na maji ya sabuni mpaka rangi iteleze. Usisuuzie maji ya kisima yenye chumvi ukayaacha yakauke juani, maana madoa yake hula rangi.

Jaribu kwanza kipande cha sentimita 40 kwa 40, kwa M205 na sponji laini. Mikwaruzo ikibaki, ndipo uende kwa sponji ngumu na M105. Tone nne za ukubwa wa punje ya mbaazi zinatosha. Kwa mashine ya DA, ambayo pedi yake huzunguka huku ikiyumba, tandaza kwa spidi ya 1 au 2, kisha panda hadi 4 au 5, ukitembea sentimita 2 au 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Pita mara nne hadi sita. Chora alama kwa kalamu ubavuni mwa sahani ya pedi: ukiona alama haizunguki, umekandamiza mno au umeinamisha mashine, na hapo pedi inatetemeka tu bila kukata.

Pedi ndizo zinazoangusha wengi. Baada ya kila kipande, isugue kwa brashi. Ikishalowa haikati tena, inapasha rangi joto tu. Gari moja dogo la saluni linataka pedi tano au sita, si mbili. Wala usinunue kwa rangi ya sponji, kwa sababu ya manjano ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu na ya nyingine ikawa laini.

Pedi ya sufu kwenye rotari, mashine inayozunguka tu bila kuyumba, hukata haraka sana, lakini huacha mawimbi yanayoonekana juani, hasa kwenye gari jeusi, na lazima yafuatwe na M205 kwa sponji. Kwenye kingo za milango laka, ile tabaka angavu ya juu ya rangi, ni nyembamba, na bampa la plastiki halipozi joto kama bati. Hapo rotari ikisimama sekunde chache tu, rangi imeungua.

Kabla ya kusifu kazi, futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kwani mafuta ya polishi huhadaa jicho. Kagua kwa tochi. Mkwaruzo unaonasa ukucha uache: laka nzima huwa takriban mikroni 40 hadi 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ukiufuata utaifikia rangi ya chini. Paa lililoambuka laka, tatizo la kawaida kwa magari yanayolala juani miaka mingi, halirudishwi na polishi yoyote. Linahitaji kupakwa rangi upya.

M205 haiachi kinga yoyote juu ya rangi. Paka nta au silanti (kinga ya kutengenezwa kiwandani inayofanya kazi kama nta) siku hiyo hiyo, kabla gari halijalala nje kwenye upepo wa bahari.