Draiva ya JDBC ya PostgreSQL baada ya kuhama Oracle: nyota 4

Tumehamisha mfumo wa mikopo wa saccos kutoka database ya Oracle kwenda ya PostgreSQL, na hii draiva (kiunganishi cha programu ya Java na database) wanayoiita pgJDBC naipenda sana tu, ni ya bure, leseni ya BSD, faili moja la jar unaliweka kwenye pom.xml (orodha ya maktaba za programu) basi. Kubadilisha kwenyewe ni dakika chache, unatoa ojdbc8 (draiva ya Oracle), anwani jdbc:oracle:thin:@//seva:1521/mikopo inakuwa jdbc:postgresql://seva:5432/mikopo, programu inawaka, watu mnapongezana.

Msipongezane mapema.

Ripoti ya mwisho wa mwezi, code ile ile iliyokuwa inapita miaka yote, ikafa na OutOfMemoryError (memori imejaa). Kumbe draiva ya Oracle usipoigusa inaleta mistari 10 kwa mkupuo, hii ya Postgres inabeba jibu zima la kweri (swali unaloiuliza database) inalimwaga lote kwenye memori. Nikaweka setFetchSize(500), yaani ilete mistari 500 kwa mkupuo, wapi! Mpaka uweke na setAutoCommit(false), inayozuia kila amri kuthibitishwa papo hapo, bila hiyo namba yako haisikilizwi na wala hupewi onyo lolote. Kwenye maelezo yao imeandikwa kabisa, someni kabla hamjaanza, ila nyota ya tano nimewanyima kwa sababu ya huo ukimya.

La pili ni transaksheni (amri kadhaa zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja). Kwenye Oracle insert (amri ya kuingiza mstari) ikigoma kwa namba kujirudia unaidaka exception (taarifa ya kosa) unasonga na inayofuata, huku ikigoma moja tu zote zinazofuata zinajibiwa "current transaction is aborted" mpaka ufanye rollback (kuifuta transaksheni). Ipo autosave=always unaweka kwenye URL, inaweka savepoint (alama ya kurudia kosa likitokea) kabla ya kila kweri, inasaidia lakini inakula muda, mimi nimeandika upya zile insert kwa ON CONFLICT DO NOTHING, inayoruka mstari unaojirudia bila kugoma, na nimepumzika.

NVL na SYSDATE, maneno ya SQL ya Oracle, hazisumbui, unatafuta unabadilisha zinaisha. Kinachouma ni neno tupu (lisilo na herufi hata moja), Oracle inalihesabu kuwa NULL (hakuna thamani) na Postgres hailihesabu hivyo, kwahiyo orodha yetu ya wanachama wasio na namba ya simu ikawa inaruka watu na hakuna kosa lolote linalotokea, angalieni sana hapo.

Kama mnaingiza data kwa mafungu ongezeni reWriteBatchedInserts=true kwenye URL, draiva inaziunganisha insert nyingi kuwa moja yenye mistari mingi. Kazi yetu ya usiku ya kupandisha marejesho, tofauti tuliiona siku hiyo hiyo.