Kikundi cha familia au kocha wa ana kwa ana?

Kama una mdogo wako anakula unga, yaani anatumia heroini, jua na wewe hapo nyumbani unaumwa, ila msaada wote unaenda kwake tu. Sisi tulijaribu njia mbili: kikundi cha ndugu wa watumiaji, na kocha, yaani mshauri anayeifundisha familia namna ya kuishi na mtumiaji.

Kikundi kwanza. Mfano wa zamani ni Al-Anon, ilianza Marekani 1951, ndugu wa walevi wanakaa wanasikilizana, ni bure. Chetu ni cha mtaani tu. Mama siku ya kwanza alienda kabeba mkoba una simu zote za nyumbani maana akiziacha zinauzwa, akamkuta mama mwingine kabeba hadi pasi, basi akalia palepale na aibu ikamtoka. Hiyo kocha hawezi kukupa.

Ila kocha ndo alitufundisha kuongea na dogo. Anatumia mbinu inaitwa CRAFT, ya Mmarekani Robert Meyers, yaani unamsubiri awe sawa, sio yuko na arosto (mwili unamuuma kwa kukosa unga) au keshatumia, unaongea kifupi bila matusi, akishinda siku hajatumia unakaa naye mnakula pamoja, akitumia unajitoa, na madeni yake hulipi. Lengo akubali mwenyewe matibabu, mfano kliniki ya methadoni, dawa anayopewa badala ya unga, kama ya hospitali ya Muhimbili, Dar, iliyoanza 2011. Shida ni hela, na makocha wenyewe wachache.

Mi mtu aliyechoka kama mama ningempeleka kikundini kwanza. Anayetoa hela kila siku kwa kuogopa kelele aanze na kocha. Na kama kuna kipigo usisubiri mbinu yoyote, toka na watoto.