Msumeno wa mkanda wa inchi 4 kwa 6: kwa chuma kinene, nunua huu

Bati la milimita 6 hata grenda inalimaliza. Kazi huanza chuma kikiwa kipande kizima, duara la milimita 50 kwenda juu. Hapo mashine ya diski ya kusaga ya milimita 355 inatoa cheche nyingi na mkato mbaya: diski inapinda ikiwa ndani, uso unatoka mshazari, na chuma kinababuka mpaka buluu. Kikiwa na kaboni ya kutosha, ukingo unakuwa mgumu kiasi kwamba tupa inateleza juu yake bila kuuma.

Diski ya meno ya kabidi (mchanganyiko mgumu sana wa metali), inayozunguka mara 1,300 hadi 1,500 hivi kwa dakika, ni tamu kwa mabomba na vyuma vya pembe. Kwa kipande kizima siipendekezi. Chuma kikicheza kidogo tu kwenye jiliwa, meno yanang'oka, na diski yenyewe ni ghali. Usiifunge kamwe kwenye mashine ya diski ya kusaga. Ile inazunguka karibu mara 3,800 kwa dakika, na diski ya kabidi inaweza kupasuka.

Msumeno mdogo wa mkanda wa kulala unauzwa kwa rangi na majina mengi, umbo ni lilelile. Unameza chuma cha takriban milimita 100 kwa 150. Mkanda wake una upana wa nusu inchi na urefu wa karibu milimita 1,640, na kasi ni tatu, kama mita 24, 36 na 60 kwa dakika, unazobadilisha kwa kuhamisha beliti kwenye puli. Unafunga chuma, unashusha fremu inayobeba mkanda, unaiacha ishuke kwa uzito wake. Ni wa polepole, lakini kipande kinatoka kimepoa na kimenyooka.

Kimenyooka ukiutengeneza kwanza, maana haujakamilika ukitoka kwenye boksi. Miguu ya bati inatikisika. Bora uujengee meza imara iliyochomelewa. Mwaga mafuta ya giaboksi, safisha uchafu wa kiwandani, weka mapya. Kisha weka guniya (kipimo cha pembe ya digrii 90) kati ya kitanda na ubavu wa mkanda, katikati ya meno, na uzungushe boliti za beringi za kuongoza mpaka mwanga usipite. Beringi hizo zisogezwe karibu na chuma kadiri inavyowezekana. Zikikaa mbali mkanda unajikunja, na mkato unakimbia upande mmoja. Mkanda uliolegea au ulioisha meno upande mmoja huleta ugonjwa huohuo.

Mkanda wenyewe ndio wa kutolea pesa. Chagua wa metali mbili, mgongo wa chuma cha springi na meno magumu yaliyounganishwa juu yake. Hesabu ya meno ni muhimu kuliko jina la mashine: yasipungue 3 ndani ya chuma, na yakizidi 24 nafasi kati yake zinajaa chenga na mkanda unaanza kuelea badala ya kukata. Chuma cha milimita 50 ni karibu inchi 2. Mkanda wa meno 14 kwa inchi unaingiza meno 28, mengi mno. Tumia wa meno 6 hadi 10 kwa inchi, yenye nafasi zinazotofautiana. Bomba la ukuta mwembamba lina mkanda wake, usilikate kwa huo.

Tazama chenga. Zikijikunja na kubaki na rangi ya chuma, mambo ni sawa. Zikiwa unga, fremu ni nyepesi, ongeza uzito. Zikiwa buluu, punguza. Chuma cha pua kikatwe kwa kasi ya chini kabisa na mgandamizo usiokatika. Meno yakisugua bila kula, uso unakuwa mgumu na mkanda unaisha hapohapo. Chuma cha kumimina hakihitaji mafuta ya kukatia.

Kipande kifupi kikikaa upande mmoja wa jiliwa, taya linapinda na kukiachia; weka chuma cha unene uleule upande wa pili. Mkanda mpya uanze kwa nusu ya uzito wa fremu, na kama wa zamani ulikufa katikati ya kazi, geuza chuma uanze upande mwingine. Njia ya zamani ni nyembamba kuliko meno mapya, na itayavunja.