Sanduku la Kukuzia Ukungu Ute: Kiumbe Bora, Vifaa vya Nchi za Baridi

Wenzangu wanaosomesha baiolojia hapa Unguja wameniuliza mara kadhaa kama lile sanduku la kukuzia ukungu ute (kiumbe wa seli moja anayetambaa kama utando), nililoliagiza kutoka ng'ambo kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, linastahili shilingi 140,000 nilizolipa pamoja na usafirishaji. Nimekaa nalo tangu Februari, kwa hiyo sasa naweza kujibu. Muuzaji sitamtaja, kwani kasoro nitakazozieleza nyingi zinatokana na kwamba aliyelipanga sanduku hakuwahi kufikiria maabara isiyo na kiyoyozi katika joto la kaskazi.

Ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi ya chujio chenye ukubwa wa stempu, kilichogandiwa na kitu kikavu cha rangi ya machungwa, sahani tano za petri za plastiki, pakiti ya unga wa agari (wa kugandishia maji yawe kama jeli), pakiti ndogo ya oti, koleo, na kijitabu cha Kiingereza cha kurasa kumi na mbili. Kitu kile kikavu ndicho kiumbe mwenyewe, Physarum polycephalum, akiwa amelala. Anapokaukiwa na maji polepole hujikunja na kuwa gamba gumu, na katika hali hiyo huweza kuhifadhiwa kwa miezi mingi, kisha akaamka akipata unyevu. Tulimrowesha saa mbili asubuhi, na siku ya pili tulikuta utando wa manjano mbichi umekwisha kutambaa nje ya karatasi ukielekea kwenye punje ya oti iliyokuwa karibu.

Sehemu hii sina la kulalamikia. Utando mzima, hata ukijaa sahani, ni seli moja yenye viini vingi mno, na viini hivyo hugawanyika karibu kwa wakati mmoja, jambo lililowafanya watafiti wamtumie kwa muda mrefu katika kuchunguza mgawanyiko wa seli. Tulipoiweka sahani chini ya hadubini, kwa lenzi dhaifu kuliko zote, tuliona ute ukikimbia ndani ya mishipa kama maji ya mfereji, ukipungua kasi, ukasimama, kisha ukarudi ulikotoka. Kila baada ya dakika moja hivi ulibadilisha mwelekeo. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekaa kimya muhula mzima alisema, "Mwalimu, kumbe anapumua!" Si kupumua, bali ni kuta za mishipa zinazojikaza na kulegea kwa zamu, lakini sikuwa na haraka ya kumsahihisha.

Kasoro ya kwanza ni agari. Pakiti ilifika imetoboka na unga umeshikana kwa unyevunyevu, nami nilipomwandikia muuzaji alinishauri ninunue nyengine. Badala yake nilikwenda sokoni Darajani nikanunua chaina grasi, ile ile ya kupikia faluda, ambayo ni agari kwa jina jengine. Gramu tatu katika mililita 200 za maji, bila ya sukari wala maziwa, zilichemshwa hadi zikayeyuka zote, na zikaganda vizuri kabisa. Waliodhani kwamba mwani wetu wa Paje ungefaa moja kwa moja wajue kuwa aina zinazolimwa kule hutoa karajinani, kigandishi chengine, si agari, na sikuijaribu.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kijitabu kinasema sahani ziwekwe gizani katika "joto la chumba", maneno ambayo kwa aliyeyaandika yana maana ya nyuzi ishirini na kitu, ilhali kipimajoto cha chumba chetu kilisoma 32 saa tisa mchana. Sahani mbili za mwanzo zilikufa: utando ulikunjamana, ukawa wa kahawia, na ukungu wa kijani, ule wa mkate, ukazitawala oti zote. Tulichofanya ni kuazima deli, lile sanduku la kutunzia baridi, la muuza barafu, tukaweka ndani yake chupa ya maji yaliyogandishwa iliyofungwa kitambaa cha kanga, na kuibadilisha asubuhi na jioni, hadi joto likashuka kwenye 24 na 25. Oti nazo tulizipasha moto kwenye oveni kabla ya kuzitumia, tena punje tatu au nne kwa siku na si kiganja kizima kama picha ya kijitabu inavyoonesha. Ukungu huo wa kijani ukiingia, msiitupe sahani; kateni ukingo wa mbele wa utando, ule mnene wenye umbo la upepeo, mkauhamishie kwenye agari safi, naye atatambaa na kuuacha uchafu nyuma.

Kijitabu chenyewe ni dhaifu. Kinamwita kuvu, wakati wanasayansi leo wanamweka katika kundi moja na amiba. Kinatumia neno plazimodiamu kwa ule utando bila ya kuonya kwamba si kimelea cha malaria, na katika visiwa ambavyo kila mtoto amekwisha kulisikia jina hilo kliniki, nusu ya kipindi changu iliishia kuwatoa watu hofu. Kuhusu jaribio la Toshiyuki Nakagaki na wenzake la mwaka 2000, ambapo kiumbe huyu asiye na ubongo alibakisha njia fupi kati ya vyakula viwili ndani ya mzingile, kimeandika mistari miwili tu. La mwaka 2010, la kuweka oti mahali pa miji inayoizunguka Tokyo na kupata mtandao unaofanana na reli zao, halimo kabisa. Sisi tulichora Unguja: oti Mjini, Mkokotoni, Nungwi, Chwaka, Paje, Makunduchi na Kizimkazi. Mshipa mnene kuliko yote ulitoka Mjini kwenda Chwaka, lakini mwengine ulikatiza baharini bila ya nauli, kwa sababu hatukuweka mwanga mahali pa bahari. Wale wa Tokyo walitumia mwanga, anaoukimbia, kuzuia sehemu zisizopitika.

Kuna jambo ambalo muuzaji hana faida ya kulisema. Ukungu ute hauhitaji kuagizwa. Hukaa kwenye magogo yaliyooza na majani makavu, ukila bakteria, hamira na spora za kuvu, na wakati wa masika yule wa manjano aitwaye Fuligo septica huweza kutokea juu ya maranda ya mbao, mtu akadhani mbwa ametapika. Gilbert na Martin walionesha mwaka 1933 kwamba gome la mti ulio hai, likilazwa juu ya karatasi yenye maji kwa siku kadhaa, huotesha ukungu ute wa aina zake. Gome la mwembe wa skuli lilitupatia, siku ya tisa, vijiti vyeusi vyenye vichwa vya duara, vyenye urefu usiofika milimita mbili. Gharama yake ni sahani na maji yaliyochemshwa. Jozani na Ngezi msikwangue magome bila ya ruhusa, kwani ni misitu iliyohifadhiwa.

Ushauri wangu, basi, ni kuagiza kile kipande cha karatasi peke yake, ambacho muuzaji huyo huyo anakiuza kwa chini ya theluthi ya bei, na kuulizia mapema kibali cha kuingiza kiumbe hai, maana tangazo lake halikisemi. Mengine yote yanapatikana Darajani. Wetu tumemkausha tena juu ya karatasi ya chujio, yumo ndani ya bahasha kwenye droo yangu, na tutamtia maji mwezi wa Julai, baridi ya kipupwe ikiwa imeturuhusu kulirudisha deli la watu.