Pampu ya mguu kwenye sinki la Hiace yetu: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, anayetaka maelezo aendelee. Kama gari lako la kulala linabeba dumu moja au mawili ya maji na watumiaji ni familia ndogo, pampu ya kukanyaga inatosha, na kwenye mambo kadhaa inaishinda ya umeme. Kama una tangi kubwa, bafu na wageni kila wikiendi, achana nayo.

Letu ni Toyota HiAce ya paa refu. Viti vya nyuma viling'olewa, tukaweka kitanda, kabati na kasinki kadogo ka stenlesi. Tunaishi Dar, kwa hiyo safari zetu nyingi ni za barabara ya Morogoro: Mikumi, Udzungwa, Iringa, na tukipata likizo ndefu tunapanda Lushoto. Fundi wa Gerezani aliyetutengenezea kabati alinishangaa nilipomwambia sitaki mota. "Bosi, betri ya pili si unayo? Weka mota, ukifungua koki maji hayo." Ana hoja. Tena tuseme ukweli: pampu ndogo ya volti 12 inafanya kazi dakika chache tu kwa siku, kwa hiyo anayekuambia ya mguu itaokoa betri yako anatia chumvi. Mla betri ni friji.

Kilichonivuta mimi ni maji yenyewe. Tunabeba madumu mawili ya lita 20, moja chini ya sinki na jingine la akiba nyuma ya kiti. Kwenye koki ya umeme mtu anafungua, anapaka sabuni, anazungumza na mwenzake huku maji yanakwenda. Rafiki yangu mwenye gari kama letu alimaliza dumu zima kabla ya chakula cha jioni kwa sababu mtoto aliacha koki wazi. Pampu ya mguu haina nafasi ya uzembe huo. Mguu ukitulia, maji yamekata. Unalowesha mikono, unaacha, unasugua sabuni, unakanyaga tena kusuuza, na mikono yote miwili iko huru. Watoto wetu hawakuhitaji kufundishwa, maana shuleni kwao kuna kibuyu chirizi, na mwaka 2020 Korona ilipoingia, ndoo za kunawa za kukanyaga zilikuwa kila mlango wa duka na kila ofisi. Wazo ni lile lile, tofauti ni kwamba hapa maji yanatoka chini kwenda juu.

Sasa kifaa chenyewe. Ni kidude cha plastiki ngumu kinachofungwa sakafuni kwa skrubu, kina pedeli juu, na ubavuni kina midomo miwili ya mpira wa nusu inchi, mmoja wa kuvuta na mmoja wa kusukuma. Ndani kuna kiwambo cha raba, springi, na vali mbili zinazoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Ukikanyaga, kiwambo kinasukuma maji kwenda bombani. Ukiachia, springi inakirudisha na kuvuta mengine kutoka kwenye dumu. Basi. Asili yake ni boti za tanga, ambako maji matamu hubebwa kwa hesabu; kampuni ya Whale ya Bangor, Ireland ya Kaskazini, ni miongoni mwa majina yanayofahamika sana kwenye kazi hii. Zipo za aina mbili: inayosukuma unapokanyaga tu, na inayosukuma unapokanyaga na unapoachia pia. Ya kwanza maji hutoka kwa mapigo, ya pili hutoka karibu mfululizo. Yangu ni ya kwanza, kwa sababu ni ndogo na kabati letu ni jembamba. Chupa ya nusu lita naijaza kwa mikanyago saba au nane. Kwa kunawa, kupiga mswaki na kuosha nyanya, mapigo hayo hayasumbui hata kidogo. Kwa kujaza sufuria ya ugali yanaudhi, na mimi huinua dumu nikamimina moja kwa moja.

Kwenye ufungaji ndiko watu wanakoharibu, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, usiweke bomba la nyumbani lenye koki. Mtu akifunga koki halafu mwingine akakanyaga, maji hayana pa kwenda, na mpira utachomoka au kupasuka ndani ya kabati. Kinachotakiwa ni shingo tupu, isiyo na kifungio chochote. Pili, dumu likae chini kuliko mdomo wa bomba. Vali za pampu zinazuia maji kurudi lakini hazizuii kwenda mbele. Ukiweka dumu juu ya usawa wa bomba, maji yakishaanza kutoka yataendelea yenyewe hadi dumu liishe. Tatu, upande wa kuvuta usiwe na mwanya hata wa sindano. Upande wa kusukuma ukivuja utaona maji. Upande wa kuvuta ukivuja huoni kitu, pampu inakunywa hewa tu na wewe unakanyaga bure. Mpira uchovye ncha yake kwenye maji ya moto ndipo uusukume kwenye mdomo wa pampu, halafu kaza klipu. Chagua mpira wenye nyuzi ndani, maana ule laini wa kawaida hujibana wenyewe pampu inapovuta. Na uwe wa maji ya kunywa; wa bustani hutoa ladha ya plastiki isiyokwisha.

Pampu tuliifunga ndani ya kabati, pedeli tu ikachungulia nje kwenye tundu chini ya mlango. Jambo hili linaonekana dogo mpaka uishi nalo: gari ni jembamba, na pampu nzima ikikaa nje kila anayepita usiku kwenda chooni anajigonga kidole. Chini yake weka kipande cha plaiwudi nene na bolti zenye nati zinazojifunga, siyo skrubu za mbao. Rasta za barabarani zinalegeza kila kitu. Zetu za kwanza zilikuwa skrubu za mbao, na tulipofika Iringa pampu ilikuwa inacheza kama jino bovu.

Hitilafu ya kweli ilitokea mara moja. Maji yalianza kuchelewa: asubuhi unakanyaga weee ndipo yanakuja, na ukiacha dakika mbili unaanza upya. Mpira wangu unaonyesha ndani, nikamulika tochi na kuona maji yanashuka taratibu kurudi kwenye dumu. Maana yake vali ya kuvuta haifungi. Nikafungua skrubu za mfuniko, nikatoa kiwambo, na pale kwenye mdomo wa vali kulikuwa na usinga wa plastiki ya njano, mwembamba kama kucha ya mtoto. Ulitoka kwenye mfuniko wa dumu ulipotobolewa kwa drili. Kuutoa na kurudisha kila kitu hakukufika nusu saa, kwa bisibisi moja, kando ya barabara. Pampu ya umeme ikigoma kwenye mlima wa Kitonga sijui nani ataifungua. Tangu hapo mdomo wa kuvutia una kichujio cha wavu, na yule fundi akinisikia nasema "tobolea nje, suuza mara mbili" anacheka.

Ukipata yako, hivi ndivyo navyosoma dalili: pedeli nyepesi na maji hayaji, tafuta hewa upande wa kuvuta; pedeli ngumu, kuna kizuizi kuelekea bombani; maji yanakuja kwa kuchelewa, angalia vali.

Upande wa pili wa shilingi anao mama mkwe wangu. Tulipompeleka Lushoto alinawa mara moja, akaniita. "Baba, hiki cherehani chako kinanimaliza goti." Na kweli, kusimama kwa mguu mmoja huku mwingine unakanyaga, gari likiwa limepaki mahali penye mwinamo, si kazi ya mwenye goti bovu. Mjukuu akawa anamkanyagia, jambo ambalo lilimfurahisha mjukuu kuliko bibi. Vyombo vya watu wengi pia usiviletee habari hii. Mke wangu aliacha siku ile ile: anajaza beseni mara moja, anaosha nje, sinki linabaki la kusuuzia vikombe. Na ukiwa umekaa kitandani huwezi kujipigia maji, lazima usimame.

Ila usiku hapo inanipa raha. Pampu za umeme nilizozisikia kwenye magari ya wenzangu zinanguruma, na ndani ya bati la gari mtu mmoja akipiga mswaki wote mnaamka. Hii inatoa mlio mdogo wa kuvuta, basi.

Usafi: kila tukirudi nasuuza dumu na mpira kwa maji yenye JIK kidogo, naikanyaga mpaka harufu ifike bombani, naacha kwa muda, kisha nasuuza kwa maji safi mpaka harufu iishe, na mwisho nakanyaga ikiwa tupu ili ikauke. Mpira unaoonyesha ndani usikae juani, utaota ukijani. Maji ya kunywa tunayabeba kando, kwenye chombo chake. Maji machafu ya sinki yanaingia kwenye kidumu kingine chini ya gari, na tunayamwaga kwenye choo cha kambi. Ndani ya hifadhi usimwage chini, maana mabaki ya chakula huita nyani na fisi.

Bei: kwa yangu, pamoja na nauli ya jamaa aliyenibebea kutoka Ulaya, ilifika laki mbili na ushee. Pampu ya umeme ya Kichina Kariakoo unaipata kwa chini ya hapo, na kama hesabu yako ni pesa tu, kanunue hiyo. Tatizo la hii ni vipuri. Kiwambo na vali huuzwa pamoja kama pakiti ya matengenezo, na maduka ya Kariakoo niliyozunguka hayana. Mimi niliiagiza pakiti baadaye, ikanigharimu usafiri mara ya pili kwa kitu kinachoingia kwenye bahasha. Ukiagiza pampu, agiza na pakiti yake siku hiyo hiyo, na hakikisha ni ya namba ya toleo lako, kwa sababu viwambo vya matoleo tofauti haviingiliani.