Kabla hujanunua haibridi, mulika tochi kwenye kiti cha nyuma

Haibridi ni gari la petroli lenye pia betri kubwa na mota ya umeme; langu ni Toyota Aqua. Dalali aliniapia: "Dada yangu, Aqua hii imetumiwa na mwanamke mmoja, kazini na nyumbani tu." Hakusema kwamba nyumbani ni Goba ya ndani, kwenye vumbi. Mwezi wa tatu, foleni ya Mwenge, saa nane mchana, dashibodi ikaniandikia Kijapani na gari ikaisha nguvu. Fundi alipofunua kiti cha nyuma na kuchomoa feni ya betri, nilidhani ameshika panya. Lilikuwa vumbi.

Ulaji wa mafuta sitaugusa, kila mtu anaujua. Ninachotaka uangalie ni tundu la hewa. Betri kubwa ya Aqua au Prius inapozwa kwa hewa ya humo humo ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma. Ukishusha vioo barabara ya vumbi, feni inakula vumbi. Mtoto akiegemeza begi la shule pale, betri inaiva kimya kimya. Mulika tochi. Muuzaji akikataa kiti kifunuliwe, ondoka.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Toyota. Ya kwanza bado ni Aqua, pamoja na yote iliyonifanyia. Betri ya toleo lake la kwanza ina vipande 20, na mafundi wameizoea. Prius inafuata: vipande 28 kwa toleo la pili na la tatu, nafasi zaidi, ugonjwa ule ule. Ya tatu Nissan Note e-Power, ambayo injini inazalisha umeme tu na mota ndiyo inayozungusha magurudumu. Tamu kuendesha, ila muulize fundi wako kwanza kama ameshawahi kuifungua. Nissan Leaf za zamani, ambazo si haibridi bali ni za umeme mtupu, ni za bei rahisi, lakini betri haina hata feni, na joto letu mnalijua. Hesabu vijiti vya uzima wa betri kwenye dashibodi. Mpya ina 12.

Utaniuliza: "Si umeme mtupu ndiyo kesho yenyewe?" Ndiyo, kwa mwenye nyumba yake na geti lake. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, sawa, lakini mimi nimepanga ghorofa ya tatu na mita ya LUKU tunachangia wapangaji wanne. Pasi tu inaleta kikao. Nikichomeka gari je?

Na hawa wa yadi! EWURA, wanaopanga bei za mafuta, wakipandisha petroli Jumatano ya kwanza ya mwezi, Alhamisi haibridi zimepanda, eti "haili mafuta". Petroli ikishuka, bei ya gari haijasikia.

Yule dalali nilimpigia kuhusu feni. Akaniuliza kama nataka kuiuza: ana mteja anatafuta Aqua iliyotumiwa na mwanamke.